Kelele za jiko la The Bear: ni ukweli wa kazi au ni mapambo ya tamthilia?

Mpishi wa Pili, Malindi

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Nina swali ambalo limenikaa kooni tangu wiki jana, nami natumaini miongoni mwenu wamo waliowahi kushika mwiko kwa ujira.

Mimi ni mpishi wa pili katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa 14. Kwa kuwa ni masika na hoteli imefunga nusu ya vyumba, nimepata jioni kadhaa za kukaa nyumbani, na mke wangu akapendekeza tutazame The Bear, ile tamthilia ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2022, inayomhusu Carmy, kijana aliyepika katika mikahawa mikubwa kisha akarudi Chicago kushika duka la mikate ya nyama ya ng'ombe aliloachiwa na kaka yake aliyejiua.

Tulipofika sehemu ya saba ya msimu wa kwanza, ambayo karibu yote imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kamera kukatizwa, mashine ya oda ilianza kutema karatasi na haikunyamaza tena, kwa sababu Sydney, msaidizi wa Carmy jikoni, alikuwa ameacha wazi nafasi ya kuagiza mapema. Carmy naye akaanza kufoka, na Marcus, mwokaji wao, alipomletea donati aliyoihangaikia siku nyingi, akaipiga kofi ikaanguka sakafuni. Nilipojitazama niliona kwamba nimekikunja kitambaa cha meza mara nne, kama tunavyokunja kile cha kushikia sufuria ya moto, na nilikuwa nikifuta ukingo wa bakuli la mbaazi lililokuwa mbele yangu. Mke wangu alipunguza sauti ya televisheni, akaniuliza, "Nawe kazini uko hivi?" Sikumjibu. Nilisingizia chai.

Nimesoma maoni ya watazamaji wengi, hasa waliowahi kufanya kazi jikoni, nao wanaisifu tamthilia hii kwa ukweli wake. Wako wanaosema kwamba walishindwa kuimaliza kwa jinsi ilivyowarudisha kazini. Nauliza, basi: je, kelele zile ndizo kazi yenyewe, au ni kamera tu inayozitaka? Na inakuwaje tamthilia ya namna hii iitwe vichekesho?

Mzee wa Jiko, Malindi

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nilianza kuosha masufuria kwa Mtaliano mmoja mwaka 1983, nikastaafu nikiwa mpishi mkuu, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyajua.

Katika tamthilia ile kuna sauti za aina mbili, na watazamaji wengi wanazichanganya. Mtu anapopita nyuma ya mwenzake na kusema "nyuma", au anapokata kona na kuitaja kona, au anapojibu kwamba amesikia, huyo hagombi. Anaongoza njia, kwa sababu jikoni watu wanane wenye visu na mafuta yanayochemka wanapishana katika ujia usiozidi hatua mbili. Sisi tulikuwa tukisema "moto!" na "njia!", na kwa Mtaliano tulisema kwa Kitaliano, na wala hapakuwa na mtu aliyechukia. Mahali ambapo sauti hizo hazipo ndipo watu wanapoungua. Kovu nililo nalo kwenye mkono wa kushoto nililipata siku ambayo kijana mmoja, kwa adabu zake, alipita nyuma yangu kimya kimya na karai la mafuta.

Matusi ni jambo jingine. Wanaojitetea husema kwamba jiko ni jeshi, na kweli mpango wa jiko la hoteli, wa mpishi mkuu, wasaidizi wake na kila mtu na kituo chake, ulipewa sura yake na Mfaransa Auguste Escoffier, aliyewahi kuwapikia wanajeshi katika vita vya mwaka 1870 na baadaye akaongoza jiko la hoteli ya Savoy, London. Lakini wanaolitaja jeshi husahau kwamba mtu huyo huyo alikataza matusi na ulevi jikoni mwake. Hata yule mwita oda, ambaye kwa Kifaransa alikuwa na jina linalotokana na kubweka, Escoffier hakumtaka abweke. Kwa hiyo anayefoka asijifunike shuka la mabwana wa kale.

Bi Fundi wa Harusi, Lamu

Mimi sijui hoteli, wanangu. Napikia harusi na maulidi hapa Langoni, na tamthilia hii nimeitazama kwenye simu ya mjukuu wangu, ambaye alikuwa akinitafsiria huku akila kaimati zangu.

Mnaizungumza sehemu ya saba, lakini mimi nilitetemeshwa na ile ya msimu wa pili, ya mkesha wa Krismasi, ambapo mama yao Carmy anapika samaki wa namna saba kwa desturi ya Wamarekani wenye asili ya Kiitalia. Samaki saba si jambo la kumshangaza mtu wa Amu; kilichonishangaza ni yeye mwenyewe. Ameweka saa za kulia kila pembe ya jiko, zinalia moja baada ya nyingine, analia na yeye, anakunywa, na kila anayeingia anamfukuza. Binti yake kila mara anamwuliza kama yu mzima, na swali hilo ndilo linalomwasha zaidi. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba kwetu mpishi haulizwi kama yu mzima, anapokewa mwiko.

Nieleze kidogo. Pilau ya harusi inapokaribia kukauka, moto wa chini hupunguzwa na makaa hupandishwa juu ya kifuniko, na hapo hapana nafasi ya kukosea, kwani ukichelewa kwa muda wa kusema bismillahi mara kumi, ukoko unashika na harufu inakwenda mpaka kwa wageni. Nyakati hizo na mimi hupaza sauti. Lakini pembeni yangu wamo wanawake sita au saba: huyu anamenya vitunguu, yule anakuna nazi, mwingine hana kazi yoyote ila kunitania kuhusu mume wangu. Nikifoka, mmoja ananijibu kwa shairi, tunacheka, na wali unaiva. Mama yule nyumba imemjaa watu, naye yuko peke yake na moto. Nikaona kwamba ukali wa Carmy haukuanza mkahawani; aliubeba kutoka jiko la mamake. Wewe, Mpishi wa Pili, ulifundishwa kupika na nani?

Mtazamaji wa Shela

Kuhusu vichekesho: katika tuzo za Emmy, zile za televisheni za Marekani, tamthilia zenye sehemu za urefu wa kama nusu saa kwa desturi huingizwa kwenye kundi la vichekesho, na ndiko The Bear ilikopelekwa. Msimu wa kwanza ulipata tuzo 10 katika hafla za Januari 2024, na wa pili ukapata 11 Septemba ya mwaka huo huo, ingawa safari hiyo tuzo ya kipindi bora cha vichekesho ilikwenda kwa Hacks. Walionung'unika walikuwa wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo Richie, rafiki wa marehemu kaka yake Carmy, alipojirudisha nyuma akachomwa makalio na kisu cha Sydney, katika sehemu hiyo hiyo ya saba inayowatesa, nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Weita wa Pwani

Shikamooni wazee wangu. Ningependa kuongeza jambo ambalo sijaona likitajwa. Mpishi mkatili kuliko wote katika tamthilia ile ni yule bosi wa zamani wa Carmy kule New York, naye hafoki. Anamsogelea kijana karibu na sikio na kumwambia maneno ya kumuua moyo kwa sauti ya chini kabisa, huku jiko zima likiendelea na kazi katika utulivu ambao mgeni yeyote angeusifu. Nimewahi kumhudumia mtu wa namna hiyo, katika mkahawa ambao sitautaja, na nawaapia kwamba ningechagua kutukanwa mbele ya watu kila siku.

Kisha itazameni sehemu ya msimu wa pili ambapo Richie, ambaye ni mtu wa makelele kuliko wote, anapelekwa wiki nzima katika mkahawa wa hadhi ya juu na kupewa kazi ya kung'arisha uma tu. Siku za mwanzo anaona amedhalilishwa. Mwishoni anamkuta mwenye mkahawa, mwanamke mwenye sifa zake, ameketi peke yake anamenya uyoga mmoja mmoja kwa kisu kidogo, na anamkaribisha wamenye pamoja huku wakizungumza habari za wazazi wao. Baada ya hapo Richie anavaa suti, na hatanii. Mimi nilipoiona sehemu hiyo nilikwenda kazini nikang'arisha glasi zote, hata zile za kabati la juu ambazo hazitumiki, na meneja akadhani naomba nyongeza ya mshahara.

Mpishi wa Pili, Malindi

Nawashukuru nyote. Bi Fundi, umeniuliza swali ambalo mke wangu pia angeliuliza kama ningemngojea. Nilifundishwa na mpishi aliyekuwa akitupa sahani. Si kwa mtu, bali ukutani, karibu na mtu.

Niseme sasa lile ambalo sikulisema mwanzoni. Desemba iliyopita, usiku ambao hoteli ilikuwa imejaa, kijana wetu wa kumenya kamba aliacha mshipa mweusi katika nusu ya beseni, nami nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakunijibu. Alimaliza beseni lile lote, tena vizuri, akanawa mikono kwa ndimu, akalivua eproni akaliweka juu ya mtungi wa gesi, akatoka. Nilipomwona Carmy ameiangusha ile donati, niliuona mtungi ule.

Nimeambiwa kwamba siku hizi anakaanga viazi karai karibu na stendi, na kwamba ukwaju wake una wateja. Leo zamu yangu inakwisha saa kumi.

Bi Fundi wa Harusi, Lamu

Nenda kabla ya magharibi, wakati ana wateja wachache. Na ule.