AG200 iliyotumika, Boxer 150 au Pulsar 180 kwa njia ya Mwanza–Sengerema?

Mlima_Bwiru: Wakuu, heshima kwenu. Nalinganisha pikipiki tatu zilizotumika: Yamaha AG200, Boxer BM150 na Pulsar 180. Bajeti mwisho milioni 4. Kazi ni Buhongwa, Usagara, daraja la Kigongo–Busisi hadi Sengerema kwa lami, kisha vumbi la vijiji vya Buchosa. Mzigo kilo 50 hivi, wakati mwingine samaki. Ipi haitanimaliza kwa spea?

FundiIgoma: Mkuu, kwenye lami zote zitakufikisha. Tofauti inaanza ukiacha lami. AG200 ina cc 196 na iliundwa kwa kazi za shamba: ina keria mbele na nyuma, na mnyororo umefungiwa ndani ya kasha, kwa hiyo tope na vumbi haviusagi haraka. Shida ya kasha ni kwamba mwenye pikipiki hauoni mnyororo, basi hautii oili mpaka ukatike.

Kabla ya kulipa, omba kasha lifunguliwe upime. Mnyororo wa saizi 428 ukiwa mpya, viungo 20 vilivyonyooshwa vina milimita 254. Ukikuta 259, huo umekwisha. Badilisha na sproketi zote mbili kwa mkupuo, maana meno yaliyochongoka yatakula mnyororo mpya.

Spana13: Kwa njia hiyo AG ni imara, sibishi. Ila pikipiki ni spea. Kebo ya klachi, breki shuu, pistoni na ringi za Boxer unazipata mpaka kwenye senta za vijijini, na fundi yeyote anaifungua bila kuuliza. Pleti za klachi za AG unaweza kulazimika kuagiza Dar, na siku zote hizo pikipiki imelala. Mtu anayekula kwa pikipiki, mimi namwambia Boxer.

Pulsar 180 ina nguvu na breki nzuri ya diski mbele, lakini ina plagi mbili kwenye silinda moja. Fundi asiyeijua anabadilisha ile inayofikika kirahisi na kuiacha ya pili. Injini inaendelea kuwaka, ila nguvu inapungua na mafuta yanaliwa. Ukienda kuikagua, vua kofia za plagi zote mbili.

Kirumba_Mwaloni: Kuhusu samaki, hapa ndipo watu wanaharibu pikipiki nzuri. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya baharini. Kinachokula chuma ni maji yanayochuruzika kutoka kwenye kayabo, kwa sababu ule ni samaki wa chumvi. Yanashuka kwenye keria, yanaingia kwenye viungio vya fremu chini ya siti, yanamalizia kwenye spoku na rimu. Weka beseni la plastiki lisilovuja, sio kiroba, na uoshe siku hiyo hiyo kwa maji safi.

Ukinunua iliyotumika huku kwetu, inua siti, gonga mabomba ya fremu kwa mpini wa bisibisi. Sehemu iliyooza hailii kama nzima. Rangi mpya eneo hilo tu, achana nayo.

FundiIgoma: Niongeze ukaguzi wa injini. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, uikute ya baridi. Injini ya moto inaficha mengi. Moshi wa bluu unaotoka inapowashwa kisha ukakoma ni sili za valvu, hiyo ni kazi ndogo. Moshi wa bluu unaoongezeka ukivuta mafuta ni ringi au silinda, hapo punguza bei au ondoka.

Na msidanganyike na injini iliyo kimya kabisa. Tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu) zinazogonga kidogo ni afadhali kuliko zilizokazwa mno. Zikikazwa, valvu haifungi vizuri, joto linaila, na ikipata moto inakuwa ngumu kuwaka. Tapeti hurekebishwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki husika, si kwa sikio.

Mlima_Bwiru: Asanteni sana. Kuna AG moja bado ina namba za DFP (za miradi ya wafadhili), inasemekana ilikuwa ya mradi. Bei iko chini. Kuna tatizo?

KadiKwanza: Tatizo linaweza kuwa kodi. Pikipiki za miradi mara nyingi huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Ikienda kwa mtu binafsi, kodi hiyo inatakiwa ilipwe TRA ndipo isajiliwe kwa namba za kawaida. Ile bei ya chini huenda bado haijahesabu kodi. Dai kadi halisi, linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako, na umiliki uhamishwe kabla hujamaliza malipo. Mkataba wa mkononi pekee hautoshi.

Spana13: Ndiyo maana nasema Boxer yenye kadi safi. Ila mzigo wa kilo 50 kwenye vumbi, angalia shokapu za nyuma: zikilowa oili zimekufa.

FundiIgoma: Mimi nabaki na AG, kama kadi ni safi na mnyororo mzima. Kwa Boxer, mkuu Spana13 yuko sahihi kwenye spea. Pulsar kwa Buchosa sishauri.

Yoyote utakayochukua, usimalize milioni 4 zote kwenye kununua. Bakiza hela ya sevisi ya kwanza: oili 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (oili nyingine za gari zinafanya klachi iteleze), plagi mpya zenye mwanya wa kitabu cha pikipiki husika, breki shuu na kebo zote. Filta ya hewa ya AG ni ya sponji: ioshe kwa mafuta ya taa, halafu kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, uilowanishe oili na kuikamua kabla ya kuirudisha. Kwa vumbi la huko, fanya hivyo kila unapomwaga oili, na oili imwage kila kilomita 2,000.

Mlima_Bwiru: Nimeelewa, wakuu. Jumamosi naenda kuikagua ile AG na fundi, kadi kwanza.