Ulinzi wa watoto kanisani: tuanzie wapi, na mtoto akisema jambo tulipeleke wapi?

KatibuUsharika
Shalom wapendwa. Usharika uko Kimara. Watoto wa shule ya Jumapili ni kama 140 kwa ibada mbili, walimu sita, wengi vijana wa kwaya. Wadogo wanasomea stoo ya zamani nyuma ya madhabahu: mlango mmoja, dirisha la juu. Mkesha ni kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baraza linataka mwongozo wa ukurasa mmoja. Mzee mmoja anashikilia kwamba jambo likitokea "tuyamalize nyumbani kwanza". Mnashaurije?

Mwl_Jumapili
Katibu, anza na hiyo stoo, karatasi itafuata. Ng'oeni komeo la ndani, fundi akate sehemu ya juu ya mlango aweke kioo cha futi moja kwa futi moja. Kipindi kikiendelea mlango ubaki wazi.

Kila chumba kiwe na watu wazima wawili, tangu mtoto wa kwanza anafika hadi wa mwisho anachukuliwa. Mume na mke wahesabuni kama mtu mmoja, ndugu wa damu vilevile, maana ni vigumu mmoja kumsema mwenzake. Madarasa matatu kwa ibada tayari yanamaliza walimu wako wote sita, bila wa akiba. Mmoja akiumwa, unganisha madarasa mawili. Chooni waende watatu watatu, na mwalimu asimame nje, mahali mwenzake anamwona.

Walio chini ya miaka sita wapewe tiketi ya manila yenye namba ileile pande mbili. Nusu ibandikwe mgongoni mwa mtoto (kifuani ataichana kabla ya sala ya kwanza), nusu abaki nayo mzazi. Asiye na nusu hapewi mtoto, hata awe mjomba anayejulikana kanisa zima. Na mwalimu kumpakia mtoto bodaboda eti "nampitisha tu kwao", hapana kabisa.

Mwalimu mpya akae kwanza miezi sita usharikani. Barua ya uhamisho huandikwa kwa adabu mno. Pigeni simu alikotoka, muulize kama wangemkabidhi watoto tena. Wakisita kujibu, nanyi siteni. Cheti cha polisi ombeni, ila hakitawaonyesha mambo ambayo hayakufika polisi, na mengi hayakufika kwa sababu ya hiyo "tuyamalize nyumbani".

Ustawi_Kata
Huyo mzee mjibuni kwa sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo binti wa kwaya wa miaka 17 yumo.

Mtoto akisema, aliyeambiwa asikilize tu. Asimuulize "ni fulani, siyo?", maana swali la namna hiyo linampandikizia jina, na mahakamani wakili atalishika hapohapo. Asiahidi siri. Aandike maneno ya mtoto yaleyale, hata kama ni ya kitoto, na tarehe na saa. Kisha siku hiyohiyo afisa ustawi wa jamii wa kata, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ambako mtapewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali). Simu 116, ya msaada kwa watoto, ni bure.

Kama ni ubakaji au ulawiti, msimwogeshe. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, zikipita saa 72 hazisaidii. Akiwa ameumia sana, hospitali kwanza. Hospitali ya Amana wana Kituo cha Mkono kwa Mkono: daktari, polisi na ustawi mahali pamoja.

Mtuhumiwa asimamishwe huduma mara moja; hiyo bado siyo hukumu. Kosa kubwa ni kikao cha upatanisho, mtoto akiketishwa mbele yake. La pili ni kumhamishia mtaa mwingine wa usharika, akaanze upya na watoto wengine.

Mlinzi_wa_Mkesha
Mkesha: mikeka ya watoto iwe mbele kwenye mwanga, mtoto alale jirani na mzazi wake. Aliyekuja bila mzazi aandikwe jina la mtu mzima anayemwangalia. Hakikisheni units za LUKU mchana, na taa mbili za kuchaji ziwepo, moja njia ya choo. Mkimaliza saa kumi usiku geti lisifunguliwe kwa watoto hadi saa kumi na mbili, labda wachukuliwe na mzazi.

KatibuUsharika
Asanteni sana. Na kama anayetajwa ni mchungaji mwenyewe?

Ustawi_Kata
Njia ni ileile, ila baraza msilipitie. Dawati kwanza, kisha barua kwa jimbo au dayosisi ikiomba asimamishwe. Namba ya Dawati na 116 zibandikwe mlangoni mwa choo kwa ndani, mtoto azisome bila mtu kumtazama.