Siku mbili za kuuona Mfereji wa Panama: je, Miraflores inatosha?

Mpenda Meli
Habari zenu, ndugu. Mwezi ujao nitakuwa Panama City kwa siku mbili, na shabaha kubwa ya safari ni kuuona mfereji ambao nimekuwa nikiusoma tangu darasa la jiografia. Kila ninayemuuliza hunielekeza kwenye kituo cha wageni cha Miraflores, penye malango ya maji yanayoziinua na kuzishusha meli, lakini rafiki mmoja alikaa pale saa mbili nzima bila kuona hata meli moja. Je, Miraflores pekee inatosha, au ipo namna bora ya kuufahamu mfereji wenyewe?

Mzee wa Gati
Ndugu Mpenda Meli, huenda rafiki yako alifika katikati ya mchana. Kwa kawaida meli zinazotoka Pasifiki hupanda Miraflores asubuhi, na zilizotoka Atlantiki huanza kuteremka alasiri, kwa kuwa Mkato wa Culebra, sehemu ya mfereji iliyochimbwa kupasua vilima, ni mwembamba na meli kubwa hazipishani humo kwa urahisi. Uwe umefika saa tatu asubuhi, au uende kuanzia saa tisa alasiri.

Ukishafika, yatazame maji kuliko unavyoitazama meli. Hakuna pampu inayoyasukuma: maji ya Ziwa Gatún, lililo takriban mita 26 juu ya usawa wa bahari, hushuka yenyewe kupitia mifereji iliyofichwa ndani ya kuta, chumba kilicho kati ya malango kikajaa, na meli yenye maelfu ya makontena ikainuka taratibu mbele ya macho yako. Chumba kina upana wa mita 33.5, na meli kubwa zaidi zinazoruhusiwa humo hubakiwa na nafasi isiyofika hata mita moja kila upande. Ndiyo sababu vichwa vya treni, ambavyo wenyeji huviita *mulas*, yaani nyumbu, hutembea sambamba nazo vikizishikilia kwa nyaya zisigonge ukuta.

Binti Kaskazi
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu saa, ila mimi ningemshauri apande mashua ya watalii inayopita malango ya Pedro Miguel na ya Miraflores. Ukiwa chumbani humo, ukuta uliolowa unazidi kurefuka juu ya kichwa chako kadiri maji yanavyopungua, na hapo ndipo unapouelewa uzito wa kazi iliyokamilika mwaka 1914.

Siku ya pili aende Agua Clara, karibu na Colón, kwenye malango mapya yaliyofunguliwa mwaka 2016. Vyumba vyake vina urefu wa mita 427 na upana wa mita 55, na meli huongozwa na matagi, yaani mashua za kuvutia meli, badala ya nyumbu. Pembeni kuna mabwawa yanayowezesha asilimia 60 ya maji kutumika tena, jambo lenye maana kubwa, kwani Ziwa Gatún ndilo pia linalowapa watu wa huko maji ya kunywa, na ukame wa mwaka 2023 ulilazimisha idadi ya meli zinazovuka kwa siku ipunguzwe.

Msomaji wa Kumbukumbu
Naomba niongeze jambo moja ambalo wageni wengi hulipita. Katika Panama City kuna Museo Afroantillano, ndani ya kanisa la zamani lililojengwa na watu wa Karibi. Wengi wa waliouchimba mfereji chini ya Wamarekani walitoka Barbados, Jamaica na visiwa jirani. Walilipwa kwa daraja la «fedha», yaani madini ya fedha, huku Wamarekani weupe wakilipwa kwa daraja la «dhahabu», lenye mshahara na makazi bora. Katika jaribio la Wafaransa lililoanza mwaka 1881 inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 20,000 walikufa, wengi kwa homa ya manjano na malaria, na wengine wapatao 5,600 walikufa wakati wa Wamarekani. Tafadhali uanzie hapo kabla ya kwenda kwenye malango.

Mpenda Meli
Nawashukuru sana nyote. Nitaanza na jumba hilo la makumbusho asubuhi ya siku ya kwanza, kisha nifike Miraflores saa tisa alasiri wakati meli zinapoteremka. Siku ya pili nitapanda mashua. Agua Clara, kwa masikitiko, itabidi isubiri safari nyingine.