Tupeane uzoefu: ukurasa gani wa kitabu ulibadilisha namna unavyoongoza watu?

Kalamu Butu

Wakuu, salaam. Orodha za vitabu vya uongozi zimejaa kila kona, na mimi nimezihifadhi nyingi mpaka simu inalalamika. Leo naomba kitu kidogo zaidi ya hapo. Usinitajie jina la kitabu ukaishia hapo. Nisimulie sehemu moja uliyosoma, kisha kesho yake ukafanya jambo ambalo hukuwa ukilifanya. Kama lilikuharibikia, hiyo ndiyo tunayoitaka hasa.

Naanza mimi. Nilipokabidhiwa timu ya watu saba nilikuwa hodari wa kazi yangu, basi. Kuongoza watu sikujua hata pa kuanzia. Jioni nafika nyumbani hoi, ukiniuliza nimefanya nini kutwa nzima nababaika. Mtu akaniazima kitabu cha Peter Drucker cha mwaka 1967, kile cha mtendaji anayefanya kazi ikaonekana. Drucker hakuanza na mipango. Alianza na muda: ujue kwanza muda wako unakwenda wapi, na usiiamini kumbukumbu yako, andika palepale jambo linapotokea.

Nikaandika kwenye daftari wiki tatu. Kabla ya hapo ningeapa kwamba muda wangu mwingi nautumia kuwafundisha vijana. Daftari likaniumbua. Saa nyingi zilikuwa zinaishia kwenye kurekebisha kazi zao kimyakimya, wenyewe wakishaondoka. Kesho yake wanakuta kazi imepita, wanadhani walifanya vizuri, wanarudia kosa lilelile.

Nikaacha. Kazi ikija na kosa namrudishia mwenyewe, tunakaa wote. Mwezi wa kwanza mambo yalichelewa na mimi nikaitwa juu kujieleza, na sikuwa na jibu zuri. Mwezi wa tatu nikaanza kuondoka kazini jua likiwa bado lipo.

Nahodha Mkavu

Yangu ya aibu. Kitabu cha Stephen Covey cha mwaka 1989, kile cha tabia saba za watu wanaofanikiwa. Ile ya tano: tafuta kwanza kumwelewa mwenzako, ndipo nawe utafute kueleweka. Nikaichukua juujuu. Mtu akiniambia "nimechoka na zamu hizi," najibu "kwa hiyo unasema umechoka na zamu hizi." Wiki nzima hivyo. Ijumaa dada mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Bosi, unaniigiza?"

Niliporudi kwenye kitabu nikakuta mwenyewe ameshaonya kuwa kurudia maneno ya mtu kama mbinu, bila nia ya kutaka kumwelewa, ni kumdharau. Nilikuwa nimeruka kurasa hizo. Nilikuwa na haraka ya kuwa msikivu.

Kalamu Butu

Hahaha, mkuu, "haraka ya kuwa msikivu" naondoka nayo.

Mtu Baki

Mimi niwaharibie kidogo. Nimesoma vitabu vya aina hii kwa miaka, na wakubwa wabovu kuliko wote niliowahi kuwa chini yao walikuwa na kabati zima la vitabu hivyo. Walitoka na misamiati mipya, tabia zilezile.

Kitabu kimoja tu ndicho kilichonifaa, nacho kimeandikwa kwa utani: cha Laurence Peter na Raymond Hull cha mwaka 1969. Hoja yao ni kwamba mtu anayefanya vizuri hupandishwa cheo, akifanya vizuri tena hupandishwa tena, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza. Hapo ndipo anapobaki. Wanashauri hata kuonyesha uzembe wa makusudi kwenye jambo lisilo na maana ili usipandishwe!

Nilikisoma wiki ileile niliyoambiwa niwe mkuu wa kitengo. Nikajiuliza kwa dhati: kazi ya mkuu wa kitengo ni nini kutwa? Vikao, kupatanisha watu, kuombea bajeti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ninachokipenda wala kukiweza. Nikakataa. Ndugu zangu walinishangaa, na kwa upande wa pesa niliumia, sitaficha. Aliyeipata nafasi ile anaiweza kuliko ambavyo ningeiweza mimi, nami bado nafanya kazi ninayoijua.

Kalamu Butu

Mtu Baki, hujaharibu kitu. Kukataa nako ni jambo ulilofanya baada ya kusoma. Umetimiza sharti bila kupenda.

Bi Subira

Habari zenu. Nyote mmeleta vitabu vya wageni, naona mimi nilete cha kwetu. Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Wengi tulikisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri wahusika, tukakifunga.

Kwa mliokisahau: Karama anashitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na Waziri Majivuno ndiye mshitaki. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alikwenda kwa taabu, akaona mema, akarudi nayo. Kila mmoja alipofika alitiwa gerezani.

Nikiwa mwanafunzi nilikuwa upande wa Karama, na nani hakuwa? Nikakirudia nikiwa na idara yangu na watu chini yangu. Nilipofika kwa mjumbe wa tatu nikakiweka chini. Miezi minane nyuma nilikuwa nimemtuma kijana mmoja mafunzo ya wiki mbili. Alirudi na ripoti ya kurasa kumi na moja aliyoiandika mwenyewe, bila kuombwa. Nikamwambia "asante, tutaiangalia," nikaitia kwenye droo. Baada ya hapo kijana aliyekuwa akichangia kila kikao alikuwa akija, anakaa, anaondoka. Na mimi nilikuwa nimeanza kusema amekuwa mvivu.

Kiti nilichokuwa nimekikalia kilikuwa cha Majivuno.

Nilikwenda kwenye droo. Ripoti ilikuwa imekunjwa pembe kwa kubanwa na mafaili. Nikaisoma yote usiku ule, asubuhi nikamwita. Akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mama, hiyo nilishaisahau." Hakuwa ameisahau. Aliyajua mapendekezo yake kwa mpangilio wa namba. Mawili hayakufaa, nikamweleza kwa nini. Moja tulilianza wiki ile: anayetoka zamu amwandikie anayeingia karatasi moja ya mambo yaliyobaki, badala ya kuelezana mlangoni mmoja ameshavaa koti.

Mwanafunzi wa Jioni

Bi Subira, shikamoo. Umenifanya nikitafute upya.

Mimi si bosi wa mtu, ni katibu wa kikundi cha watu kumi na wawili, kwa hiyo mtanisamehe. Marcus Aurelius alitawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, na yale aliyoyaandika, kwa Kigiriki, alijiandikia mwenyewe. Sehemu ya kwanza yote ni kuorodhesha watu na alichojifunza kwa kila mmoja. Babu hiki, mama kile, mwalimu fulani kile. Nikajaribu yangu. Jina la nne likawa mtu nisiyemsalimia hadi leo, aliyekuwa akinirudishia mihtasari yangu ya vikao imejaa wino mwekundu. Kila ninachokijua kuhusu mihtasari nilikitoa kwake.

Sijampigia. Nimeandika tu jina.

Nahodha Mkavu

Mpigie. Ila usimrudishie maneno yake.

Mtu Baki

Bi Subira, swali la mtu asiyeamini: yule kijana bado yupo hapo?

Bi Subira

Hayupo, baba. Aliondoka mwaka uliofuata, alipata nafasi kubwa kuliko niliyokuwa naweza kumpa. Sijui kama angekaa lau ningeisoma ripoti ile mapema, na sikumuuliza. Karatasi ya zamu ipo mpaka leo. Niliwasimulia wenzake habari ya kitabu, na siku hizi mtu akirudi safari ya kikazi anaiweka ripoti mezani kwangu, anasimama pale mlangoni na kuniambia, "Mama, nimerudi. Naomba nisifungwe."