Tupeane uzoefu: kufunga sensa za dirishani zisizo na waya, vipimo na makosa

Kitasa_Imara

Wakuu, habari za leo. Watu wengi sasa wanajifungia wenyewe alamu zisizo na waya, na malalamiko ni yale yale: king'ora kinalia saa nane za usiku hakuna aliyegusa dirisha, au dirisha linafunguliwa wazi na paneli, yaani kifaa kikuu kinachopokea ujumbe wa sensa, iko kimya. Mara nyingi sensa ni nzima, ila imekaa pasipofaa. Wanaojua kazi hii naomba waweke vipimo na hatua, kila mmoja kwa aina ya dirisha anayoifahamu. Naanza na msingi.

Sensa ni vipande viwili. Kikubwa kina saketi, betri na swichi ya ridi, yaani kichupa kidogo cha kioo chenye vijiti viwili vyembamba vya chuma ndani. Kidogo ni sumaku tu, hakihitaji betri. Sumaku ikiwa karibu, vijiti vinagusana. Ikisogea vinaachana, na kifaa kinatuma ujumbe kwa paneli. Kipande kikubwa kiweke kwenye fremu isiyotembea, sumaku iende kwenye kioo kinachotembea, yaani bawa zima pamoja na ukingo wake, maana saketi inayogongwa kila dirisha linapofungwa haidumu.

Kabla ya kubandika chochote, sajili sensa kwenye paneli ukiwa mezani. Vuta karatasi ya plastiki inayozuia betri, weka paneli kwenye hali ya kusajili, sogeza sumaku mbali, subiri paneli ikubali, kisha ipe zoni, yaani nafasi yake kwenye orodha ya paneli, na jina linaloeleweka: "chumba cha watoto kushoto", sio "zoni 07". Halafu ishike kwa mkono mahali itakapokaa, fungua na kufunga dirisha mara kumi. Paneli ikipokea tisa tu, hapo mahali si pazuri. Hama kabla gundi haijashika.

PimaKwanza

Kitasa kaeleza vizuri, naongeza nafasi kati ya sensa na sumaku, maana hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika.

Ubavuni mwa sensa kuna alama, mstari au kimshale. Sumaku inakaa upande huo, sio mwingine. Ukiigeuza inaweza kushika kwa milimita 5 tu badala ya 15, nawe utadhani kifaa ni kibovu. Sensa nyingi za kawaida zinashika mpaka milimita 15 au 20 kwenye mbao, lakini usifunge kwenye kikomo chake. Lenga milimita 5 hadi 8.

Umbali unapimwa moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa, si kwa upande peke yake. Fremu ikiwa imetokeza mbele kuliko kioo, sumaku inakuwa imezama. Ukiwa na milimita 8 kwa upande na 15 kwa kina, umbali halisi ni 17, na macho yanaona 8. Dawa yake ni kuinua sumaku kwa kipande cha plastiki au mbao hadi nyuso mbili zilingane.

Madirisha ya chuma, yale ya zamani ya bawaba, yana shida ya ziada: chuma kinavuta nguvu ya sumaku kwake. Chukulia uwezo umepungua nusu. Weka kipande cha plastiki au mbao cha milimita 6 hivi chini ya sumaku na chini ya sensa pia, usibandike juu ya chuma moja kwa moja. Alumini haivuti sumaku, ila antena ikilala juu yake mawimbi yanadhoofika. Kwa hiyo hata kwenye alumini kipande cha milimita 3 kinasaidia kama dirisha liko mbali na paneli.

Aluminiamu255

Nazungumzia dirisha la kuslaidi la alumini, kwa sababu nyumba nyingi mpya za Dar, Dodoma, Arusha ndilo zinalotumia, na maelekezo ya kwenye boksi yamechorwa kwa dirisha la bawaba.

Dirisha la vioo viwili lina reli mbili. Kioo cha ndani kinapita mbele ya kioo cha nje, na nafasi kati yao ni milimita chache tu. Sumaku ya kawaida ina unene wa sentimita moja hivi. Ukiibandika kwenye kioo cha nje, cha ndani kitaigonga na hakitafunguka tena mpaka mwisho. Kwa hiyo chagua kioo kimoja cha kufungua, kile cha ndani, na cha nje kizuie kabisa: kizuizi cha reli au skrubu inayokaa kwenye reli ya juu ili kisisogee. Sensa moja inatosha hapo. Ukiacha vyote viwili vitembee na sensa iko kwenye kimoja, mwizi atasukuma kile kingine na alamu haitajua lolote.

Mahali pazuri ni ubavuni, pale kioo cha ndani kinapogota kwenye fremu ya wima. Kioo kikianza tu kusogea, sumaku inaondoka moja kwa moja na swichi inaachia mapema. Wengi wanabandika juu, sumaku ikiteleza sambamba na sensa. Inafanya kazi, ila ina kasoro moja: sumaku inapopita kwa urefu wa swichi ya ridi, swichi inaweza kuachia, ikajifunga tena kidogo, kisha ikaachia. Paneli inapata ujumbe wa kufungua na kufunga ndani ya sekunde moja. Kama huna namna, simamisha sensa wima badala ya kuilaza.

Wavu wa mbu usisahauliwe. Ukiwa kwenye reli ya ndani, sukuma wavu kutoka mwisho hadi mwisho ukitazama pale unapotaka kuweka sensa. Pia pima na grili: kama ipo upande wa ndani, hakikisha mkono unapita kubadilisha betri.

Ukitumia skrubu badala ya gundi, kwa skrubu ya milimita 2.9 toboa kwa keekee ya 2.4. Usitoboe karibu na mpira wa kioo, kwa sababu ukingo wa kioo umeingia ndani ya alumini na keekee ikiugusa kioo kinapasuka. Usitoboe reli ya chini, ndiyo njia ya maji ya mvua.

Mlinzi_wa_Zamu

Jambo moja fupi lakini zito. Sensa ya sumaku inajua kufunguka tu. Kioo kikivunjwa na mtu akaingia kwenye tundu, fremu haijasogea, sumaku ipo mahali pake, paneli iko kimya. Kwa vioo vikubwa ongeza sensa ya kioo kuvunjika au ya mtikisiko kwenye paneli hiyo hiyo. Na madirisha ya luva msiyawekee sumaku kabisa: vioo vinachomolewa kimoja kimoja. Hapo weka sensa ya mwendo ya aina ya pazia, inayolinda ukuta wa dirisha kwa ndani.

Gundi_na_Spiriti

Sensa nyingi zinaanguka kwa sababu ya vumbi na mafuta, si kwa ubaya wa gundi.

Fremu ifute kwa kitambaa kikavu, halafu kwa spiriti, iache ikauke dakika mbili tatu. Usitumie petroli wala sabuni, zinaacha utando. Rangi inayobambuka ikwangue kwanza, maana gundi itashika rangi na rangi itaachia fremu. Bandika, kandamiza kwa kidole gumba sekunde 30 kila kipande. Mkanda mzuri wa pande mbili wa akriliki, ile jamii ya VHB, unafika kama nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu kamili baada ya saa 72. Ukibandika asubuhi na jioni ukaanza kuujaribu kwa kuvuta, unauharibu mwenyewe.

Dirisha linalopigwa na jua la mchana, alumini inapata moto kweli. Bandika asubuhi fremu ikiwa na joto la kawaida, na sumaku uiongezee skrubu. Ile gundi ya kukausha haraka ya dukani msiiweke kwenye kipande chenye saketi: ikiingia kwenye mfuniko hutaufungua tena kubadilisha betri.

Walio karibu na bahari, Tanga, Mombasa, Unguja: chumvi inakula miguu ya betri. Kila unapobadilisha betri itazame. Ukiona unga wa kijani au mweupe, isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, futa kwa spiriti, ndipo uweke betri mpya.

Masafa_433

Swali linalorudi sana: nimetumiwa sensa na ndugu yangu aliyeko Marekani, paneli yangu haiioni. Haitaiona. Sensa nyingi za kule zinatumia masafa ya redio ya 345 MHz au 319.5 MHz, na paneli nyingi za bei ya chini zinazouzwa huku ziko kwenye 433.92 MHz. Za mfumo wa Ulaya nyingi ziko kwenye 868 MHz. Kusajili hakuwezi kubadilisha masafa. Soma nyuma ya kifaa kabla ya kulipa.

Hata masafa yakilingana, lugha inaweza kutofautiana. Sensa nyingi rahisi za 433 zinatumia chipu ya EV1527, ambayo inatuma namba moja isiyobadilika na haisikilizi jibu. Maana yake mbili. Moja, mtu mwenye kifaa cha kunasa anaweza kuirudia namba hiyo. Mbili, betri ikifa au sensa ikiibwa, paneli haina habari, itaendelea kukuambia nyumba iko salama. Mifumo ya mawasiliano ya pande mbili, kwa mfano Ajax, inauliza hali ya kila sensa kila baada ya muda na kutoa taarifa ikipotea. Bei ni kubwa zaidi, lakini ukiwa na madirisha 12, tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Paneli iweke katikati ya nyumba, urefu wa mita moja na nusu hivi, mbali na friji, ruta na ukuta wenye nondo nyingi. Kama ina waya wa antena wa sentimita 17 usiukate wala kuuviringisha: urefu huo ni robo ya wimbi la 433 MHz.

Fundi wa Betri

Angalieni aina ya betri kabla ya kununua sensa nyingi. Kuna zinazotumia CR2032, bapa kama sarafu, kuna za CR123A, nene kama pipa dogo, na zile kubwa kubwa za zamani zinatumia 23A ya volti 12, fupi kama kidole cha mtoto. CR123A ina akiba ya takribani mara sita ya CR2032, ndiyo maana sensa zake ni nene na zinadumu miaka.

Betri za lithiamu zinadanganya kwenye mita. Volti inabaki karibu na 3 kwa muda mrefu halafu inaporomoka ghafla. Ukitaka ukweli, pima ikiwa ndani ya sensa huku ukisogeza sumaku: taa ikiwaka na volti ikashuka sana kwa ghafla, badilisha. Dalili nyingine ni taa kuwaka hafifu, au paneli kupokea ukiwa karibu tu.

Kabla ya kufungua mfuniko, weka paneli kwenye hali ya matengenezo. Sensa nyingi zina kitufe cha kugundua kufunguliwa, na kitufe hicho kinaliza king'ora hata kama alamu imezimwa.

Bi_Upepo

Jamani, joto la pwani halilaliki na madirisha yamefungwa, na watu wanaishia kuzima zoni za vyumba vyote. Sivyo. Nunua sumaku ya pili ya aina ile ile. Hapa lazima sensa iwe kwenye fremu ya juu, si ubavuni. Sumaku ya kwanza ikae chini ya sensa dirisha likiwa limefungwa, ya pili ibandike kwenye kioo hicho hicho sentimita 10 kuelekea ule ukingo unaogota kwenye fremu. Ukivuta dirisha sentimita 10, sumaku ya pili inafika chini ya sensa na paneli inaona limefungwa. Weka kizuizi cha reli hapo ili kioo kisipite. Kusogeza kutoka nafasi moja kwenda nyingine fanyeni alamu ikiwa imezimwa, maana njiani sensa inaachia. Na grili iwepo: mkono unapita kwenye sentimita 10.

PimaKwanza

Bi_Upepo, dada yangu, umesema vizuri. Nimalizie majaribio, maana wengi wanafungua mara moja, wakisikia "dirisha limefunguliwa" wanaona basi.

Fanya hivi. Funga dirisha na kitasa chake, litikise kwa nguvu kama upepo wa kusi. Taa ya sensa isiwake. Ikiwaka, nafasi ni kubwa mno au kitasa kimelegea, na huo ndio mlio wa saa nane usiku. Kisha fungua polepole sana, rula ikiwa pembeni, usome taa inawaka kwa sentimita ngapi. Mbili au tatu ni sawa. Ikifika tano, sumaku ina nguvu kupita kiasi au imekaa vibaya. Kumbuka swichi ya ridi inaachia mbali zaidi ya pale inaposhikia, kwa hiyo pima ukifungua, usipime ukifunga. Spika kubwa ikisimama karibu na dirisha, isogeze: sumaku yake inaweza kuishikilia swichi isiachie.

Kwenye mpangilio, zoni za madirisha zisiwe na muda wa kusubiri kabla king'ora hakijalia, huo ni wa mlango wa kuingilia tu. Usiku mkilala, tumia hali ya nyumbani: madirisha yabaki macho, sensa za mwendo zipumzike. Rudia jaribio la rula kila mvua za masika zinapokwisha, hasa fremu za mbao, kwa sababu mbao inavimba na kurudi na ile nafasi ya milimita 8 inakuwa kitu kingine.

Kitasa_Imara

Nashukuru sana. Bado hatujapata mtu wa madirisha ya mbao yenye mabawa mawili, yale ya Mji Mkongwe na Lamu. Pale mabawa yote yanafunguka na fremu ni nene, kwa hiyo swali ni sensa mbili au sensa moja yenye vishikio vya waya wa nje ikiungana na swichi ya pili kwa mfululizo. Aliyeyafunga atuwekee urefu wa waya na njia aliyoipitisha.