Naomba ushauri: nimekwama kwenye boksi la kwanza la pentatoniki

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Niko Uyole, Mbeya, napiga gitaa la solo kwenye kwaya, mwaka wa pili sasa.

Skeli ya pentatoniki (ngazi ya noti tano) ya A maina naijua: A, C, D, E, G. Boksi la kwanza, yaani umbo la kupanga vidole kwenye freti (vigawanyo vya shingo ya gitaa) ya 5 hadi ya 8, napiga hata nikifumba macho. Shida ni kuhamia la pili. Pale uzi wa tano unapotaka kidole kianzie freti ya 7, mkono unasita, na kwaya haisubiri. Jumapili iliyopita nilirudia noti tatu zilezile mpaka kiitikio kikaisha. Iliniuma, maana wimbo ulikuwa mzuri mno.

Nafanya mazoezi alfajiri, nusu saa, na baridi hii ya Julai vidole vinakakamaa kabisa. Napanda na kushuka maboksi yote matano, lakini naona nakariri maumbo tu, muziki sisikii.

Je, nipitie uzi mmoja mmoja kwa urefu wa shingo ya gitaa? Au nishike maboksi mawili tu mwezi mzima? Aliyepita hapa anielekeze tafadhali.