Ninakisoma Kiingereza vizuri, lakini nikikisikiliza mtandaoni kinanipita: wenzangu mnafanyaje?

Mwanauchumi wa Ngara

Wenzangu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi katika chuo kimoja hapa Nairobi, na nina jambo ambalo naona haya kulisema darasani. Kiingereza nimesomeshwa tangu shule ya msingi, insha zangu hazina kasoro kubwa, na kitabu cha kurasa mia tatu hakinitishi. Muhula huu, hata hivyo, tumeagizwa kutazama mihadhara ya video ya profesa Mmarekani anayeongea kwa kasi, na baada ya dakika tano huwa nimebaki nikitazama midomo yake tu. Wiki iliyopita nilikosa swali zima la jaribio kwa sababu nilimsikia akisema kwamba kampuni iliyo katika soko la ushindani kamili inaweza kujipangia bei. Nilijua kwamba kitabu kinasema kinyume, lakini nikayaamini masikio yangu.

Nikiwasha maandishi ya chini ya skrini ninaelewa kila kitu. Nikiyazima, narudi gizani. Je, ustadi wa kusikiliza unaweza kweli kujengwa mtandaoni, au namaliza bando bure? Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu nadhani bado lina uhai, ndiyo maana naomba dawa.

Mwanaisimu wa Uzamili

Ndugu, usione haya, kwa maana tatizo hilo wengi wetu tunalo. Kumbuka tulivyotahiniwa: katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, stadi za mazungumzo zilikuwa na alama 30 kati ya 60, lakini hata hizo zilitafutwa kwa kalamu. Mtahiniwa aliulizwa matamshi ya neno bila kulisikia likitamkwa. Tuliingia chuoni tukiwa wasomaji hodari wenye masikio ambayo hayajawahi kufanya mtihani.

Kiini cha tatizo ni mapigo ya lugha. Kiswahili kina vokali tano, na kila silabi hupewa haki yake; nasi tumeihamishia desturi hiyo katika Kiingereza chetu. Mmarekani hukaza silabi moja na kuzimeza jirani zake. Neno "vegetable", ambalo wengi wetu hulitamka kwa silabi nne, kwake lina tatu, kwa hiyo wewe unalisubiri neno unalolijua, nalo linakupita likiwa limevaa nguo nyingine. Nakisia kwamba hata swali lako la jaribio lilipotelea hapo: profesa alisema "can't" (haiwezi), nawe ukasikia "can" (inaweza). Katika matamshi ya Marekani, sauti ya mwisho ya "can't" mara nyingi haisikiki waziwazi. Kinachoyatenganisha maneno hayo mawili ni kwamba vokali ya "can" hufifishwa mno katikati ya sentensi, ilhali ile ya "can't" hutamkwa kikamilifu. Usiisubiri t. Sikiliza vokali.

Kuhusu mtandao, jibu langu ni ndiyo, ila maandishi ya chini yafunguliwe mwisho, kwa sababu ukiyatazama huku sauti ikiendelea unasoma, husikilizi. Chagua kipande cha dakika moja, kisikilize mara mbili, andika imla ya ulichosikia, kisha ndipo ulinganishe na maandishi. Yapigie mstari maneno uliyoyakosa na ujiulize kama hukuyajua kabisa au uliyajua ila hukuyatambua. Nilipoanza zoezi hili, karibu makosa yangu yote yalikuwa ya aina ya pili, na hapo niliacha kununua vitabu vya msamiati. Vipindi vya "6 Minute English" vya BBC vinafaa kwa kazi hii, kwa kuwa ni vifupi na huambatana na maandishi yake. Tahadhari moja: maandishi yanayotengenezwa na mashine huweza kukosea palepale ulipokosea wewe.

Abiria wa Thika Road

Naongeza la mfukoni. Pakua sauti, uache video. Rekodi ya sauti ya nusu saa iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki megabaiti 15, na unaweza kuipakua kwa Wi-Fi ya maktaba kisha ukaisikiliza hosteli bila gharama. Usijaribu kuisikiliza ndani ya matatu. Mimi nilijaribu mwezi mzima nikaambulia nyimbo za dereva.

Faida nyingine ya mtandao ambayo watu hawaitaji ni kwamba hakuna anayekucheka. Rekodi naweza kuirudisha nyuma mara kumi, ilhali katika ukumbi wa watu mia mbili sijawahi hata mara moja kumwomba mhadhiri arudie sentensi.

Mkufunzi wa Jioni

Wanangu, hapo kwenye mara kumi ndipo ninapotofautiana nanyi. Ninawaandaa watahiniwa wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ambao sehemu yake ya kusikiliza ina maswali 40, hudumu takriban nusu saa, na kila rekodi huchezwa mara moja tu. Wanaonipa kazi kubwa ni wale waliojizoeza kurudisha nyuma, kwa sababu neno moja likiwapita husimama kulililia, na sentensi tatu zinazofuata hupita bila mwenyewe. Zoezi la imla ni zuri, lakini tengeni siku moja kwa wiki ya kusikiliza mhadhara mzima bila kuugusa, mkiandika hoja tu. Kasi pia msiipunguze kwa muda mrefu: sauti iliyovutwa hadi robo tatu ya kasi yake ina mapigo ambayo hakuna binadamu anayezungumza nayo.

Mwanauchumi wa Ngara

Nawashukuru sana, mwalimu na wenzangu. Nimeurudia mhadhara ule leo asubuhi, maandishi yakiwa yamezimwa, nami nimeinasa "can't" ile kwa vokali yake. Katika imla ya dakika moja nilikosa maneno kumi na manne, na ni mawili tu ambayo sikuyajua. Jumamosi nitausikiliza mhadhara unaofuata bila kuugusa. Sasa naomba msaada mwingine: mihadhara ya nusu ya pili ya muhula inatolewa na Mskoti, na nimeshaonja dakika mbili za kwanza. Kuna yeyote anayejua rekodi fupi za Kiingereza cha Uskoti zenye maandishi yake?